Yona, Safina na Haki ya Mamba

Jumatatu, 7 Juni 1954

Bwana amenipa juma moja. Binti yangu Eneless ameleta neno kwa vinywa vya wavuvi wa kisiwa cha Kilwa, humu ziwani mwetu: atavuka Jumamosi aje hapa Nchelenge, na akimkuta mwanawe Olipa amekonda, atamrudisha kisiwani. Huko shule haifiki darasa la nne. Wala hapa hatabaki mtu wa kuitikia sala ya jioni. Tangu mke wangu alale katika Bwana, sauti ya nyumba hii ni mjukuu huyu tu.

Mtoto hurudi kutoka shuleni na njaa. Nimetafakari. Chakula kikimvutia, atakila. Alfajiri nimechemsha samaki mnono, na tumboni mwake nimelaza yai lenye macho mawili ya karanga. Yona! Nimemfunga katika jani la mgomba. Moyo umejaa.

Jumanne, 8 Juni

Njaa ile ile. Yona, huko shuleni, ameingia kinywani mwa Mwaka, mjukuu wa jirani yangu mama Dorica. Nilimuuliza Olipa kwa nini hakumzuia. Akanijibu kwa upole kwamba Mwaka ni wa ukoo wa Mamba, naye, kwa upande wa mama yake, ni wa Samaki. Utani ni utani. Mamba humnyang'anya samaki chakula mkononi, na samaki akikasirika, aibu ni yake. Mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, niliwahi kuamua shauri la namna hii, na aliyekasirika nilimtoza kuku.

Jumatano, 9 Juni

Safina ya kiazi kitamu. Wanyama wawili wawili wa muhogo. Tembo walinishinda, wakawa nguruwe. Mwaka amekula wote, na Nuhu juu yake.

Nimekwenda kwa Dorica kumshauri, kama muumini kwa muumini, kwamba kijana ashibe kwanza kwao. Alikuwa akitwanga muhogo wa ubwali, yaani ugali wetu, wala hakuuweka mchi chini. Alisema kosa si la mtoto.

“Wewe muzee unachonga chakula mupaka kinaita watu. Funga ubwali na samaki, kama sisi wote. Nani atakimbilia ubwali?”

Akaongeza kwamba Nuhu, kwa habari alizopata, alipungukiwa chumvi. Nimeondoka kwa heshima. Ubwali mtupu hauna fundisho.

Alhamisi, 10 Juni

Nimepata mwanga. Desturi inakataza hasira, pilipili haikuitaja. Kesho kuta za Yeriko, za ubwali, na ndani ya kila mnara pilipili iliyosagwa. Si kisasi, ni malezi. Olipa sikumwambia, maana moyo wake hauwezi kuficha neno.

Ijumaa, 11 Juni

Ole wangu. Jana jioni Dorica alimkemea Mwaka: mama wa binti anakuja, kiache chakula cha watu. Mwaka akatii. Kwa mara ya kwanza Olipa akabaki na chakula chake. Akaketi, akafurahi, akauma mnara mzima.

Alilia hata mwalimu Kapembwa akayafunga masomo. Dorica ndiye aliyembeba mpaka kwake, akamnywesha uji wa baridi. Mimi nilisimama mlangoni pake na kofia mkononi. Hapakuwa na mtu aliyenitazama.

Jumamosi, 12 Juni

Eneless ameshuka mtumbwini kabla ya jua kuwa kali. Akaitazama midomo ya mwanawe, imevimba kama ya kambare. Nilianza kumweleza habari za Yeriko. Alipiga magoti kunisalimu, kama ipasavyo, na hapo hapo magotini akaniambia mimi baba yake:

“Tata, mutoto anabaki Nchelenge, asome. Lakini atalala kwa mama Dorica.”

Nilimwomba anionyeshe andiko. Hakuwa nalo, wala hakulihitaji.

Olipa alikunja mkeka wake mwenyewe. Mlangoni akageuka, akauliza kama Shikulu, yaani mimi babu yake, atakula peke yake. Nikamjibu kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Kisha nikashughulika na komeo la mlango, ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Jumapili, 13 Juni

Nimesoma somo kanisani, sikumbuki lipi. Sala ya jioni nimejiitikia mwenyewe. Sauti yangu ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Baada ya ibada Dorica aliniita mbele ya akina mama wote, akasema jioni nile kwao, pamoja na Olipa. “Njoo, muzee. Leta mudomo tu. Kitu kingine usilete.” Wakacheka. Huruma ya namna hii humvunja mtu mifupa. Sikwenda.

Badala yake nimechunguza kosa langu kwa maombi marefu, na sasa liko wazi: vyakula vyangu vilikuwa vidogo. Mamba angeshiba, na samaki angekula salio. Kwa hiyo Goliathi, wa ubwali, kimo cha Mwaka mwenyewe. Kichwa kimekwisha. Kinanitisha kidogo. Kesho alfajiri nitambeba mgongoni mpaka shuleni, nao watamwona wote.