Mkwe Anayelala Juu ya Paa Langu

Jerusha Kanini (Mama Gatwiri),
Nyuma ya soko,
Kianjai.
Jumatatu, baada ya kukamua.

Kwa Mwalimu Mugendi,
Nyumba ya mteremkoni,
Meru Mjini.

Muthoni wangu, yaani mkwe wangu mheshimiwa,

KUH: MPANGO WAKO WA KUNIWEKA CHINI YA NYUMBA

Natumaini barua hii itakukuta wewe, binti yangu Gatwiri na simiti yenu mkiwa salama. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu, ambao umekuwa habari ya ukoo wote. Siku hizi watu husalimia mguu kwanza, kisha mimi.

Nimepokea ramani uliyonitumia kwa simu. Nimeitazama kwa miwani, nikaitazama bila miwani, kisha nikamwomba jirani yangu Mukiri aipanue kwa vidole, kwa sababu nilidhani kale kasanduku kekundu ni kituo cha polisi. Kumbe ni mimi. Umeandika juu yake "Kitanda cha Mama". Nakushukuru. Ni mara yangu ya kwanza kuchorwa.

Nimeelewa kwamba ile nafasi iliyo chini ya nyumba yenu, ambapo leo mnaweka magurudumu ya gari, mifuko ya mbolea na ile mashine ya mazoezi ambayo zoezi lake la pekee lilikuwa kuibeba kuishusha huko, itatiwa vigae, dirisha, jiko na choo. Kisha mimi nihamie humo, niwe karibu na kliniki na niache kukaa peke yangu Kianjai. Ni mpango mzuri sana. Una kasoro chache tu, ambazo naziorodhesha kwa heshima na kwa nambari, maana wewe ni mwalimu wa hisabati na bila nambari huenda usinielewe.

1. Kwanza ni huko chini kwenyewe. Hapa Kianjai vitu vinavyokaa chini ya udongo ni viazi na marehemu. Viazi hung'olewa vikikomaa, na marehemu hushushwa na mchungaji, kwaya ikiimba. Wewe unataka kunishusha na fundi Ndambiri na toroli. Gatwiri ananiambia nisione hivyo, eti, "Mum, hiyo si chini ya ardhi, ni besimenti, na ni self-contained." Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Nikaambiwa ina vigae.

2. Pili ni mila. Unajua, na nyinyi watu wa Embu mnajua kama sisi, kwamba mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Anakuja mchana, anakunywa chai, anasifu mapazia, na jua likianza kushuka anatafuta mkoba wake. Vijana wengine wangebishana na mila. Wewe umeipigia hesabu. Umeniandikia kwamba mila inakataza kulala chini ya paa la mkwe, na kwamba mimi sitakuwa chini ya paa lako bali chini ya sakafu yako. Kwamba zege lililo juu yangu ni paa kamili linalojitegemea. Kwamba mlango wangu utakuwa upande wa bondeni na wenu upande wa barabara. Na kwa hiyo hizo ni nyumba mbili zilizobebana.

Nilisoma hoja hiyo mara kadhaa nikitafuta tundu la kutokea. Sikuliona. Nikaipeleka kwa shemeji yangu, Mzee Njura, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye ndiye hutuamulia mambo ya uthoni. Aliishika simu kwa muda, akaigeuza juu chini, kisha akauliza swali moja tu: "Na hii choo, bomba inaenda wapi?" Nikamwambia linaungana na la juu. Akanirudishia simu. "Hiyo ni nyumba moja. Watu hawawezi sema wako nyumba mbili na choo ni moja." Umesoma mpaka chuo kikuu, muthoni wangu, na umeangushwa na choo. Kwa hiyo naomba bomba langu, shimo langu, na shimo hilo lichimbwe mbali na lenu ili lisije likatuletea laana.

3. Tatu ni kitanda. Nimepima ramani yako kwa kijiti cha kiberiti, na kitanda changu kiko chini ya kitanda chenu barabara. Mimi ni mama wa kanisa na nilifundisha chekechea maisha yangu yote, kwa hiyo sitasema zaidi. Kisogezwe. Na kisogezwe chenu, si changu, kwa sababu ninayoieleza sasa hivi.

4. Hapa ndipo hesabu yako imekugeuka, Mwalimu. Umenithibitishia kwamba zege ni paa, na kwamba chini ya paa hilo ni nyumba yangu. Nimekubali. Fundi Ndambiri mwenyewe nilimpigia simu akaniapia, "Mama, hiyo slab ni ngumu hata kushinda ya benki." Vizuri. Sasa kama hilo ni paa langu, nyinyi mnakaa wapi? Makochi yenu, televisheni yenu, friji yenu na wewe mwenyewe ukiwa umejifunika blanketi, vyote viko juu ya paa langu. Anayelala nyumbani kwa mwenzake si mimi tena. Ni wewe, mkwe unayelala kwa mama mkwe wako kila siku, tena juu ya dari, mahali ambapo hata paka huulizwa anafanya nini.

Na kama umekuja kwangu, basi taratibu zifuatwe. Ulipokuja Kianjai mara ya kwanza na wazee wako, mlisimama langoni mkiwa na suti na vikapu, mkaimbiana na wanawake wetu mpaka waliporidhika kuwafungulia. Sioni kwa nini uingie leo kwa ufunguo. Napendekeza kila jioni ukitoka shuleni usimame langoni na sukari na majani chai, usubiri kuimbiwa. Nimeshazungumza na kikundi chetu cha akina mama. Wanaweza kuja Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine itabidi usubiri kimya.

5. Ng'ombe. Nimemtafuta Karembo kwenye ramani yote na hayumo. Kuna "stoo", kuna "eneo la kufulia", kuna hata "eneo la kupumzikia" wakati mtu mwenyewe ameletwa huko kupumzika tu. Lakini gari lina chumba chake chenye mlango wa chuma. Naomba gari litoke nje, Karembo aingie. Halijawahi kutoa hata kikombe cha maziwa, na likinyeshewa haliugui.

6. Sita ni vile vyuma vya kushikilia ukutani, sakafu isiyoteleza, na ile kengele. Vyuma nimevisamehe. Sakafu nimeisamehe. Kengele siwezi. Umechora kitufe karibu na kitanda, mshale ukapanda mpaka jikoni kwenu, ukaandika, "Mama akihitaji msaada." Kengele ni ya shule na ya kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kengele, watoto wa watu wakikimbia kutoka uwanjani kwa sababu yangu. Leo nibonyeze kitufe ili mtu aje kuniuliza kama nimekunywa dawa?

Ni kweli nilianguka zizini. Ni kweli nilikaa hapo chini mpaka Mutegi, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki, alipokuta ndoo haipo langoni akaingia kunitafuta. Lakini jinsi mnavyosimulia huko mjini mtu angedhani nilitolewa kisimani kwa kamba. Nilikuwa nimepumzika. Nilikuwa nazungumza na Karembo, naye alinisikiliza kwa makini kuliko baadhi ya watu wanaonipigia simu Jumapili huku wakitazama mpira.

Kilichoniuma si mguu, kama unataka kujua. Niliita. Niliita jina la Gatwiri, aliye Meru, na jina la baba yake, aliye kaburini, na nilijua wakati naita kwamba hakuna atakayesikia. Bado niliita. Sasa wewe umekaa na rula yako ukaona dawa yake ni kitufe. Nimekasirika sana kwa hilo, na nimeiweka hasira yenyewe nambari sita ili isionekane kuwa ndiyo kubwa.

7. Mwisho ni maombi yangu. Kwa kuwa nyumba ya chini ni yangu, na kwa kuwa wewe si wa kulala juu yake, naomba nyumba ya juu iinuliwe na kuwekwa kando, hapo penye sukumawiki. Ndambiri anasema haiwezekani. Hata besimenti alisema haiwezekani, mpaka ulipomwonyesha simiti. Kama kuinua kutakushinda, basi wewe na Gatwiri mhamie kwangu Kianjai, mimi nikae Meru peke yangu, ili mila itulie. Kutoka Kianjai hadi shuleni kwako si mbali sana kwa mtu anayeamka mapema, na utakuwa unamkamua Karembo kabla ya kuondoka. Ukikataa yote mawili, nitajua kwamba hukuwa na nia njema tangu mwanzo, na nitabaki hapa hapa kwangu, na mguu wangu, na kimya changu, mpaka Mungu mwenyewe alete toroli.

Msalimie Gatwiri, na umwambie aache kunitumia picha za vigae, vyote ni vya kijivu. Wasalimie Ndambiri na vijana wake wa mchanga. Msalimie Abdiqani wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyeniambia kwa simu kwamba yeye mama mkwe wake anakaa chumba cha mbele kabisa na ndiye anayeshika rimoti. Mwambie dini yake nimeanza kuitazama kwa jicho jipya. Msalimie mama yako huko Embu, na walimu wenzako wote, na yeyote atakayekusomea barua hii ukishindwa na mwandiko.

Nabaki mimi, kwa heshima yote inayomfaa mkwe anayepanda juu ya mapaa ya watu,

Jerusha Kanini,
Mama Gatwiri.

Nyongeza: Leo ni Ijumaa na barua hii bado iko kwenye mkoba wangu. Jumatano nilikuja kliniki, mvua ikashuka ya kufunga barabara, na Gatwiri akakataa katakata nipande gari la kurudi. Mukiri akasema atamkamua Karembo. Kulala kwenu juu haiwezekani, kwa hiyo Gatwiri alinitandikia godoro huku chini, kati ya simiti na ile mashine, nami nikakubali shingo upande ili nikusanye ushahidi zaidi. Jana pia nilibaki kwa ajili ya ushahidi.

Jana jioni nilikusikia ukirudi kutoka kazini. Ulifungua mlango, ukaingia na viatu vyako vya ualimu, kisha ukasimama. Nikasikia kiatu kimoja kikiwekwa chini polepole, halafu cha pili. Ukavuka sebule nzima kwa soksi juu ya kichwa changu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nilimuuliza Gatwiri kama ni yeye aliyekuambia uvue viatu. Akasema hakukuambia kitu, na kwamba hata yeye alishangaa.

Niliyoandika yote yasome, yana Kiswahili kizuri, kisha mwambie Ndambiri aendelee na kazi. Ila viatu usivue tena. Kule Kianjai, tangu tumzike Baba Gatwiri, sijasikia ndani ya nyumba hatua ya mtu mwingine. Ukifika jioni tembea na viatu, Mugendi, tena utembee kwa nguvu, nijue mmerudi nyumbani.