Daktari wa Maji wa Tunchhen

Siku Dambar Khatri alipokatiza Tunchhen, mtaa wetu mjini Patan, alikuwa anamkwepa mwenye nyumba wake. Akakuta wanawake kisimani, wanachota na kusengenya, na hakuna anayelipa. Khatri akasimama, akasahau kwamba alikuwa anakimbia. Mtaa mzima unakunywa bure! Roho ilimuuma kweli. Kuna watu wenye huruma ya namna hiyo: wakiona kitu cha bure, hawapati usingizi mpaka kiwe na bei.

Kesho yake akarudi na koti jeupe, betri yenye nyaya mbili za chuma, na glasi mbili. Moja aliijaza maji ya kisima, nyingine maji yake ya chupa, "yaliyoyeyuka kutoka kwenye theluji ya mlimani." Akatumbukiza nyaya. Maji ya theluji hayakubadilika. Yale yetu yakatoa povu, yakageuka rangi ya kutu.

"Mnakunywa haya?" Khatri aliuliza kwa sauti ya msibani. "Mama zangu, mimi Daktari wa Maji naogopa hata kunawia!"

Kutu ilitoka kwenye nyaya zake, na maji ya theluji yalikuwa maji yaliyochujwa ya kuongezea betri, kutoka gereji, yasiyopitisha umeme. Hayo tuliyajua baadaye, kama kawaida yetu.

Aliyeshtuka zaidi ni Bibi Hera Keshari, mpika pombe ya mchele, ambaye kwa siku za kawaida humtisha hata askari. "Daktari, usinitanie," alisema. "Mvua za mwaka jana mjukuu wangu aliharisha mpaka macho yakazama. Tulishaanza kumlilia."

"Ni haya haya, bibi."

Kwa bahati mbaya, hapo mwongo alikuwa amegusa kweli. Kisima chetu huoshwa siku moja tu kwa mwaka, Sithi Nakha, kabla mvua hazijaanza. Siku hiyo managa, nyoka wanaomiliki maji, hutoka kwenda kutambika kwao. Siku nyingine yoyote ukiwachokonoa utajibeba. Vijana wa kuteremka kisimani kukiosha walikuwa wameondoka wote, wako Qatar wanajenga maghorofa ya watu. Mwaka uliopita siku ilipita hivi hivi, tope likabaki chini, mvua zikalikoroga, watoto wakaugua. Sithi Nakha ilikuwa inakaribia tena, na wanaume waliobaki mtaani walikuwa na magoti ya kuomba radhi.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Khatri alikuwa nayo ya kuutoa ukoo mzima. Jioni ile kisima kilifungwa kwa wavu wa chuma na kufuli. Ufunguo alikaa nao yeye, "kwa usalama wenu." Kila asubuhi alizungushia kisima turubai, akaingia na wasaidizi wake kutia dawa.

"Msichungulie," alionya. "Dawa haitaki macho."

Kila mchana gari lake lilitokea barabara ya juu na madumu ya maji ya theluji. Tulinunua. Tukashukuru, hata.

Kilichomwangusha ni ibada. Kisima kilikuwa kimefungwa, lakini naga hafungiwi. Kila alfajiri Bibi Hera Keshari alimrushia, kupitia matundu ya wavu, mchele uliopakwa unga mwekundu. Siku moja mkamwana wake, Sanumaya, alimimina maji kutoka kwenye dumu, mkono ukasita.

"Mama, huko mlimani nako wanatambikia naga?"

Ndani ya sufuria zilikuwa zimezama punje nyekundu za mchele.

Sanumaya alishika mchi. "Naenda kumtwanga!"

"Weka chini," alisema bibi. Alizitazama zile punje, na hasira ikamgeuka kicheko. "Ana mabega mazuri yule. Tusiyaharibu."

Siku iliyofuata Khatri aliwakuta wanawake wamezunguka kisima, kila mmoja anadondosha ndani kitu kinachometameta.

"Mnatupa nini, bibi?"

"Nyoka wa fedha, mwanangu. Kila nyumba, kila mwaka, tangu enzi za mababu. Wote wako huko huko chini."

"Na... siku ya kuosha, nani huteremka?"

"Mwenye ufunguo. Anachokiokota ni chake, naga amempa. Lakini wewe daktari, kazi ya tope utaiwezea wapi!"

"Mimi?" Khatri alijipiga kifua. "Mimi ni mtoto wa mtaa huu!"

Siku ya Sithi Nakha wakamvika shada la maua. Pampu ikanyonya maji, taa ikashushwa kupima hewa, ikarudi inawaka, kisha akashushwa daktari. Hatujapata kuona mtu mwenye bidii kama ile. Alichimba tope kwa koleo, kwa mikono, kwa kucha. Sisi tulivuta ndoo juu na kumtia moyo.

"Umepata, daktari?"

"Bado! Leteni ndoo nyingine!"

Alitoa ndala, vijiko na sufuria iliyowahi kuvunja urafiki wa nyumba mbili. Alikwangua kuta mpaka matofali yakaonekana mekundu. Juu tulikaanga maandazi ya dengu na kupikia maji ya madumu yake, maana hayakuwa na mwenyewe kwa siku ile. Ufunguo ulikuwa kwenye koti lake, na koti lilikuwa mapajani mwa Bibi Hera Keshari.

Jioni alitoka mweusi tii, shati limevimba kifuani, akaaga haraka haraka bila hata kudai koti.

Mvua zilikuja zikapita. Mjukuu hakuugua, wala mtoto mwingine yeyote. Ndipo Khatri, alipoona yamesahaulika, akapeleka nyoka wake kwa sonara wa soko la Asan.

Sonara alimkunja mmoja kwa vidole viwili. "Bati la mkebe, samahani ndugu yangu, sijui hata wa nini. Nani kakuuzia?"

Khatri alikaa chini.

"Pole. Kunywa maji kwanza, ya theluji haya. Kuna bibi mmoja wa Tunchhen ananiletea. Ghali, lakini salama."

Khatri alipokea glasi. Chini kabisa ilikuwa imetulia punje moja nyekundu. Aliitazama, akamtazama sonara, kisha akanywa yote, kwani kama kuna mtu mjini aliyejua usafi wa kisima kile, ni yeye.