Namna ya Kupunguza Chuma

Jumatatu, 2 Oktoba
Daktari kanionyesha picha. Mshipa mmoja wa moyo umeziba asilimia sabini. Eti niache sigara, nipunguze siagi, nimeze vidonge kila usiku mpaka kaburini! Mimi, niliyeijenga karakana hii ya majiko ya sauna, vile vyumba vya kuogea mvuke, kwa mikono yangu. Mke wangu Aune kaapa: nikianguka tu, funguo za karakana anapewa kaka yake, Taisto. Taisto! Hajui hata kuchomelea bawaba.

Jumanne, 3 Oktoba
Gazetini: baadhi ya wataalamu wanashuku kwamba chuma kikizidi mwilini huharibu mishipa. Wengine wanabisha. Mimi sibishi. Miaka arobaini navuta moshi wa vyuma, piga hesabu mwenyewe! Nimempigia daktari. Kasema halijathibitishwa, na kama nina wasiwasi nipime damu kwanza. Nipime nini? Nanga hupimwa kama ina chuma? Vidonge nimevitia kwenye kopo la misumari.

Alhamisi, 5 Oktoba
Chuma kimo damuni, basi nimekwenda kuchangia damu. Nani yupo? Taisto, na beji yake ya kuchangia mara hamsini, anatafuna mkate wa iliki. Kaniuliza mbele za watu: shemeji, leo umeletwa na huruma au na kahawa ya bure? Muuguzi kauliza habari za moyo. Nikasema kweli, kwa bahati mbaya. Nimekataliwa. Hata kahawa sikupewa! Kifua kilinibana mpaka garini. Hasira tu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nimemwita Bi Hilja, anayeumika watu saunani kama mama yake alivyokuwa akifanya. Pembe kumi mgongoni, akasema basi, mzee, damu si maji ya kisima. Nikadai nane zaidi. Nikamwagia mawe ya jiko maji, mvuke ukapanda. Damu nyeusi, nzito. Chuma kile! Nikainuka niitazame vizuri. Pumzi ikagoma. Mkono wa kushoto ukawa si wangu. Nilimsikia Aune akiita Urho Kalevi Tiainen, jina langu zima. Hajaniita hivyo tangu siku ya harusi.

Jumatatu, 9 Oktoba
Hospitalini. Wameupanua mshipa, wakauwekea kijibomba cha waya. Ningechelewa kidogo, ningezikwa. Wamepima na akiba yangu ya chuma. Ndogo! Na ilikuwa ndogo tangu zamani, kasema daktari. Pembe za usiku mmoja haziwezi kuimaliza hivyo. Upungufu nao huuchosha moyo. Kisha akauliza kama vidonge nilimeza. Nikatazama dirishani. Aune akanitazama mimi. Kisha akachukua koti langu, akatoa funguo za karakana.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nyumbani. Funguo zinalia kiunoni mwa Taisto. Zilie! Mambo sasa yako wazi: ugonjwa wangu ni upungufu wa chuma. Vidonge vipya ni vya mshipa, na mshipa umeshatengenezwa. Vimekwenda kwenye kopo. Nimekula chapati nane za damu ya ng'ombe, zilizokaangwa kwa siagi. Taisto katoa damu mara hamsini, maskini, mwilini hana hata msumari mmoja. Hamalizi mwaka huyo.

Jioni nikaingia karakanani kwa dirisha la nyuma. Nimechomelea saa nzima bila barakoa, nikivuta pumzi ndefu ndefu. Chuma cha bure!