Wapanda Farasi Arobaini Mpakani Bwera

Jumanne, 8 Juni 1971

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee hata mkeo. Mimi ni karani wa forodha, Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na shingo yangu ni nyembamba.

Leo nimekamata kitabu cha katuni katika furushi la Hilaire, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo Kongo. Wakristo wa kale, msalaba kifuani, wanateka mji wa Waislamu. Picha za rangi. Nilikitaka sana. Hilaire akalalamika: "Iyo ni ya mutoto wangu Martine, monsieur karani." Nikamwambia sheria ni sheria.

Ila kila kilichokamatwa lazima kiandikiwe sababu. Nikaandika: "Wakristo wenye silaha washambulia Waislamu." Afande Sowedi, mkuu wa askari hapa, ni Mwislamu. Nanusa cheo.

Jumatano, 9 Juni

Kila asubuhi tunaisomea ofisi kuu ya Kasese sababu kwa simu. Sababu tu, si aina ya mzigo. Nikasoma. Mkubwa wa huko akauliza: wangapi?

Niliogopa kumwambia ni picha. Nikahesabu Wakristo wa ukurasa wa kumi na mbili. Arobaini. Wana magari? Hapana, farasi. Wako wapi sasa? Nikafunua ukurasa. Wanapanda ukuta, nikasema.

Alhamisi, 10 Juni

Malori mawili ya askari yamefika. Wamelala kando ya mto, bunduki zikitazama Kongo. Soko limefungwa. Bulandina muuza chai ameniuliza nani anakuja. Nimemjibu ni siri ya serikali.

Ijumaa, 11 Juni

Afande Sowedi alitaka ushahidi. Nikampa kitabu. Akakisoma chote akiwa amesimama.

"Karani, vita yako ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo, na kwamba niliumia kwa niaba ya Waislamu. Akasema yeye ameumia zaidi: kila Mkristo kapewa jina, sura na utani, Waislamu mia wana pua moja, na kazi yao ni kuanguka. "Mutu naanguka, hata salamu hapana."

Hilaire, aliyekuja kudai kitabu chake, akasema yeye ni Mkatoliki tangu tumboni na hajawahi kupanda ukuta na sufuria kichwani. Wakacheka, wakanywa chai. Mimi nilisimama wima mpaka ikaisha. Kitabu kimerudi kwa Martine.

Jumatatu, 14 Juni

Nimehamishiwa Hamukungu, kijiji cha wavuvi ziwani, kuhesabu samaki. Kosa nimeligundua. Arobaini ni wachache mno. Nani atampandisha karani cheo kwa wavamizi arobaini?

Mvuvi Omara amebandika kurasa za katuni ukutani kwake. Humo Waislamu ndio wanaovamia, kwa meli. Mkubwa wa hapa, Tumwesigye, ni Mkristo. Nimeshaandika: "Meli mia mbili zaonekana ziwani."

Ukinihitaji, pitia mlango wa nyuma wa ofisi ya samaki, ulizia karani mgeni. Uje kabla ya Alhamisi. Siku hiyo nasoma ripoti kwa simu.