Kiti Kinachomfaa Mkurugenzi

Idara ya Usikivu kwa Wananchi ilitangaza kwa fahari kwamba Mkurugenzi wake angesafiri kwa ndege kwenda kwenye kongamano la kuwasikiliza wananchi, na kwamba kiti chake kilikuwa kimepatikana.

Kilipatikana kwa jasho. Ndege yenyewe ilikuwa na njia moja tu katikati, viti vitatu huku na vitatu kule, daraja la kawaida kuanzia pua hadi mkia. Hata pazia la kuwatenga wakubwa na watu halikuwepo! Afisa Itifaki alipoambiwa, aliomba aonyeshwe ramani ya viti. Aliyemtangulia kazini alimkalisha Mkurugenzi katikati ya abiria wawili, na sasa anatunza stoo ya samani mbovu.

Ikaundwa Kamati ya Kiti. Mbele? Magoti ya Idara yangegusa ukuta. Dirishani? Mkurugenzi akitaka kutoka itabidi aombe kupishwa, na Mkurugenzi haombi. Kando ya njia? Kila mwenye begi atamgonga bega. Nyuma hapakujadiliwa. Kuna choo.

"Safu ya mlango wa dharura," Afisa Itifaki alisema. "Miguu inanyooka. Tena anakuwa na mlango wake."

"Mlango wake mwenyewe!" Kamati ikapiga makofi.

Nje, kwenye benchi la korido, chini ya picha ya Mkurugenzi, mama mmoja mwenye kesi ya kiwanja aliuliza kama bado kuna mtu ndani. Alikuwa amekuja mara nyingi mpaka mlinzi akaanza kumwita shangazi.

"Kuna mtu ndani, mama," katibu muhtasi alimjibu kama kawaida. "Subiri."

Siku ya safari, Mkurugenzi alinyoosha miguu, akatabasamu. Afisa Itifaki, kwenye kiti cha pembeni yake, akashusha pumzi. Mhudumu wa ndege akainama.

"Mzee, anayekaa hapa, likitokea la kutokea, anafungua mlango na kuwasaidia wenzake watoke. Uko tayari?"

"Kuwasaidia akina nani?"

"Abiria."

"Kabla yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Miaka yote ya utumishi, hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. "Suala hili lipitiwe kwanza na wataalamu," alisema.

"Basi ni hapana," mhudumu alisema kwa upole. "Na wewe, kaka?"

"Niko tayari," Afisa Itifaki alijibu kabla hajafikiri. Loo! Stoo ikamjia machoni, viti vyake vya miguu mitatu na vumbi lake. Lakini stooni hakuna bosi. Akanyoosha miguu.

Mkurugenzi akapelekwa kwenye kiti pekee kilichobaki: safu ya mwisho, kando ya njia, ubavuni mwa choo. Ndege ilipotulia angani, foleni ikaanza, na kila aliyefika alimwinamia yeye.

"Mzee, kuna mtu ndani?"

Mwanzoni alijifanya anasoma gazeti. Walipozidi, akaanza kujibu.

Akafika mama mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Alimtazama Mkurugenzi kwa muda, jinsi alivyozoea kuitazama ile picha ya koridoni.

"Kuna mtu ndani?"

"Kuna mtu, mama. Subiri."

"Hata sina neno, nimezoea." Akashika mgongo wa kiti cha Mkurugenzi, akasimama vizuri. "Basi wakati nasubiri, nikueleze habari ya kiwanja changu."

Mkurugenzi akaangaza huku na huku akitafuta pa kutokea. Mlango wake ulikuwa kule mbele, na Afisa Itifaki alikuwa amelala fofofo.