Nukta Chini ya Vifungo

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa! Mwalimu mkuu kasema atakayefundisha vizuri zaidi, mimi au mwalimu wa darasa jirani, Mama Chaki, atabaki na watoto wadogo. Atakayeshindwa anahamia stoo ya vitabu Jumatatu. Stoo! Mimi na panya! Miaka kumi na moja nawafunga watoto wale kamba za viatu. Siendi ng'o.

Somo: tofauti ya kuainisha na kubuni makundi. Kuainisha, makundi yapo tayari, mtoto anakitia kitu mahali pake. Kubuni, hayapo, anaangalia na kuamua mwenyewe. Rahisi kama kumsukuma mlevi. Nimechukua kopo la vifungo la mke wangu, fundi cherehani. Hajui.

Jumanne, 4 Machi
Kuainisha, safi. Vyekundu sahani nyekundu, vyeupe sahani nyeupe. Kubuni, balaa! Mmoja katia kifungo puani. Halafu Kimya, binti ambaye alikuwa hajasema neno tangu Januari, akakusanya vifungo saba visivyofanana hata kidogo. Nikauliza ni kundi gani hilo. Akasema ni vile visivyo na wenzao, kaviweka pamoja visiwe peke yao. Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia hilo si kundi, na mgeni akija anyamaze. Akatia kidole mdomoni.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Nukta za wino chini ya kila kifungo: moja, mbili, tatu, kila idadi na kundi lake. Mtoto anageuza, anachungulia, "anabuni". Mama Chaki kapita dirishani, akauliza kama wamebuni wenyewe kweli. Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kaligundua kopo. Kanuna hadi jioni. Nimeosha vyombo vyote, hata vile safi. Mwisho kasema haya, nilitumie kesho, ila nisimtie aibu mbele ya mgeni. Mwanamke ana moyo huyu!

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu. Nukta hakuna hata moja! Kumbe mama watoto, kwa wema wake, aliviosha vyote kwa sabuni. Watoto ishirini na wawili wanageuza vifungo na kunikodolea macho. Mmoja akamwambia mkaguzi kwamba nukta zimekimbia.

Mkaguzi akachuchumaa mbele ya Kimya, akamuuliza kwa upole yeye angepanga vipi. Vifungo vyake saba alikuwa navyo mkononi, niliviona! Akanitazama. Akatia kidole mdomoni. Nilitaka kumwambia sema, mama, sema. Badala yake nikajifanya napanga sahani. Najuta kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatatu, 10 Machi
Stoo. Panya wapo. Mchana Kimya kapita na darasa la Mama Chaki, anaongea kama cherehani. Kasimama mlangoni, kanipa kifungo kimoja cha kijani. Kasema nikae nacho, tusiwe peke yetu.

Nimelia, sifichi. Mtoto yule nilimfunga mdomo mimi mwenyewe.

Kisha nikakigeuza kifungo, nikatazama chini. Hakuna nukta. Kosa langu lilikuwa wino! Kesho nanunua rangi ya mafuta. Hiyo sabuni haiiwezi.