Mji wa Mimba Usiofunguka Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi
Somo langu limekufa. Nina haki ya kuomboleza, nililizaa mwenyewe miaka saba iliyopita: kozi ya mtandaoni ya wakunga, yenye picha zinazocheza na mji wa mimba unaozunguka kwa muziki. Leo nimelifungua kwenye kompyuta mpya ya ofisini. Mraba wa kijivu. Fundi mitambo kasema teknolojia ile ilizikwa zamani. Sikuletewa habari za msiba. Mkuu wa chuo anataka kozi ifunguke kwenye simu kufikia Alhamisi, maana wakunga siku hizi wanasomea simu. Nimemwambia aondoe shaka. Shaka nimebaki nayo mimi.

Jumanne, 4 Machi
Kuunda upya ni kazi ya wasio na akili. Nimezigeuza picha kwa muundo wa kisasa, nikauminya ukurasa wote wa kompyuta uenee kwenye simu. Nimempa mke wangu ajaribu. Maandishi kama mayai ya sisimizi. Kila akigusa “Endelea”, kidole kinabonyeza “Rudi”. Mama mkwe alivaa miwani, akaivua, akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayerudisha mtoto asiye wake.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kamleta Bi Sauti anisaidie. Ni mwalimu wa ukunga, tunakaa naye chumba kimoja cha ofisi. Jina tumempa kwa kuwa hurekodi masomo kwa sauti yake: dakika tatu, michoro miwili, unapakua mara moja na kusikiliza hata mtandao ukikatika. Huo si ubunifu, ni redio. Nimempokea kwa tabasamu. Kisha nimeyaweka masomo yake chini kabisa ya ukurasa, baada ya picha yangu na wasifu wangu, chini ya kichwa “Kwa Wenye Simu Duni”. Nani atakubali kuonekana hapo?

Alhamisi, 6 Machi
Kozi imefunguliwa asubuhi. Kufikia adhuhuri, watu arobaini wamekubali kuonekana hapo. Kwangu wameingia wawili, mmoja ni mimi. Wa pili, mkunga wa zahanati ya mbali, ameandika kwamba somo langu linajifungua tangu saa mbili asubuhi. Kauliza: je, uchungu huu ni wa kawaida? Bi Sauti kausoma ujumbe, akaendelea kunywa chai yake. Heri angecheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa kwa mkuu. Nikajua za mwizi zimetimia. Bi Sauti alikuwapo, na yule mkunga wa mbali alikuwa kwenye simu. Jana alasiri alikuwa peke yake zahanati. Mama alishajifungua, damu haikatiki, mtandao hakuna. Kwa hofu akasahau linaloanza. Akafungua somo la Bi Sauti alilokwisha kulipakua. Sauti ikampanga: choma sindano ya kuzuia damu, kanda tumbo, mtoe mama mkojo, ita gari. Damu ikapungua kabla gari halijafika. Mama mzima, mtoto mzima.

“Ningengoja lile la juu,” akasema, “leo ningekuwa nawapigia kwa habari nyingine.”

Nikatafuta kiti, nikakalia kapu la taka. Bi Sauti alikuwa anafuta machozi. Aliponiona, akanipa nusu ya pili ya kitambaa. Mkuu akanishukuru kwa kuyaweka masomo yale. Nikasema si kitu. Kisha nikaona bado nimeshika kitambaa cha Bi Sauti. Nikasema yote, hata lile la simu duni. Mkuu kaamuru kichwa kile kifutwe, na picha yangu pia. Sijapata kushindwa nikashusha pumzi namna hii. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikisalimia hata nisiowajua.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari siku mbili. Kosa nimeligundua: simu ni ndogo mno. Nimeanza kozi ya chanjo kwa ajili ya zile kofia mpya za kuvaa usoni, zenye sinema ndani. Mwanafunzi atatembea ndani ya mshipa wa damu, akichoka atakaa. Mke wangu kauliza zahanati zisizo na umeme zitaitumiaje. Nimemjibu kwamba yangu ni kubuni. Umeme utanikuta mbele.